Mfupa Mmoja, Meza Tatu

Ndugu watafiti, walimu wetu, na ninyi wanafunzi mliojaa safu za nyuma, karibuni.

Ndani ya ukumbi huu wamo madaktari wa mifupa. Wamo wahandisi wanaopima vyuma na plastiki. Wamo wanaochimba visukuku vya zamadamu, yaani mabaki ya jamaa wa kale wa binadamu, na wale wanaovisafisha chembe kwa chembe. Hawa ni watu wa meza tatu: meza ya upasuaji, meza ya mashine ya kupimia, na meza ya kusafishia kisukuku. Je, mmewahi kujiuliza kwamba kinacholala juu ya meza zote tatu ni kitu kilekile?

Nianze na jaribio ambalo mtoto wa shule anaweza kulifanya. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku, uisafishe nyama yote. Mmoja utumbukize ndani ya siki, ubadilishe siki kila baada ya siku moja au mbili, uuache kwa juma zima. Wa pili uchome kwenye moto mkali mpaka ugeuke mweupe. Kisha ishike yote miwili. Wa siki unapinda kama mpira. Wa moto umebaki na umbo lake lilelile, lakini ukiubana kwa vidole unapukutika kama chaki. Kumetokea nini? Siki imeyeyusha madini ikaacha protini. Moto umeteketeza protini ukaacha madini.

Huo ndio mfupa, ndugu zangu. Kwa uzito, takriban asilimia 65 ni madini ya kalsiamu na fosfati, jamii ya haidroksiapataiti. Robo hivi ni protini, nyingi ikiwa kolajeni. Kinachobaki ni maji. Fuwele za madini hayo zina unene wa nanomita chache tu, zimejipanga ndani na kandokando ya nyuzi za kolajeni. Madini peke yake yangevunjika kwa pigo la kwanza. Kolajeni peke yake isingebeba mwili hata kwa hatua moja. Vikikaa pamoja, ufa unaoanza mahali fulani haupati njia iliyonyooka: unakutana na nyuzi, unakutana na mpaka wa matabaka yaliyojipanga kwa duara, unageuzwa, unachoka. Mhandisi yeyote hapa anajua ni kazi ngumu kiasi gani kutengeneza kitu kigumu kisichovunjika ovyo.

Lakini ugumu si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni kwamba mfupa hujibu.

Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Leo tunajua kazi hiyo inafanywaje. Ndani ya mfupa mgumu kuna seli zilizofungiwa katika vijumba vidogo, osteositi, zinazounganishwa na vijifereji vyembamba mno. Mfupa ukibanwa, majimaji husogea ndani ya vijifereji, na seli huhisi. Palipo na mzigo huja osteoblasti kujenga. Pasipo na mzigo huja osteoklasti, zinamwaga asidi na kubomoa. Wanaanga wanaokaa miezi mingi pasipo uzito hupoteza kama asilimia moja ya madini ya nyonga kila mwezi, licha ya chakula kizuri. Wacheza tenisi mfupa wa mkono unaoshika raketi huwa mnene kuliko ule mwingine. Mwili mmoja, damu ileile, chakula kilekile, mikono miwili tofauti!

Sasa weka chuma ndani ya mfupa unaojibu. Utajibiwa nini?

Sikilizeni kisa cha nyonga. Mtu anapotembea, kiungo cha nyonga hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kilo 175, hatua baada ya hatua, mara milioni moja hivi kwa mwaka kwa kila mguu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa upasuaji John Charnley, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alitaka kubadilisha nyonga zilizoharibika kwa kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Akachagua Teflon. Sababu? Teflon inateleza kuliko karibu kila kitu, na mwili hauikatai ikiwa kipande kizima. Wagonjwa karibu 300 wakawekewa. Maumivu yakaondoka, watu wakatembea.

Halafu, baada ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, wakaanza kurudi.

Kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kinachoteleza vizuri hakiliki. Kuteleza ni jambo moja. Kustahimili kulika ni jambo jingine kabisa. Teflon ni laini. Chini ya mzigo wa nyonga kichwa cha chuma kiliichimba, ikatoa unga. Kipande kizima mwili ulikivumilia, unga haukuuvumilia. Seli za ulinzi zilimeza chembe, zikashindwa kuzimeng'enya, zikapiga kengele, tishu zikavimba kuzunguka kiungo. Charnley alijidunga unga huo ndani ya paja lake mwenyewe ili aone kama ndio wenye hatia. Nao ulivimbisha.

Kilichofuata ningependa kila mhandisi mchanga akiandike ukutani kwake. Fundi wa maabara yake, Harry Craven, alipokea kipande cha plastiki nyingine, polithini yenye molekuli ndefu mno, iliyokuwa ikitumika kwenye mitambo ya viwandani. Charnley hakuipa thamani. Craven akaiweka kwenye mashine ya kusugulia hata hivyo, akaiacha iende. Baada ya majuma matatu ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho Teflon ililika kwa siku moja. Kuanzia mwaka 1962 hiyo ndiyo iliyowekwa, na jamaa zake wa karibu ndio wanaowekwa mpaka leo.

Je, matatizo yakaisha? La. Polithini nayo hutoa chembe, ndogo zaidi, chache zaidi. Seli zikizimeza hutuma ujumbe unaoamsha osteoklasti, na osteoklasti hula mfupa unaoshikilia kiungo. Baada ya miaka kumi, kumi na mitano, kiungo kinalegea kikiwa hakina hata ufa. Tena viwanda vilikuwa vikiua vijidudu kwa kuipiga plastiki hiyo mionzi ya gama ikiwa imefungwa pamoja na hewa. Mionzi hukata minyororo ya molekuli, ncha zilizokatwa hushika oksijeni, na plastiki huanza kukauka na kuwa ya kuvunjika ikiwa bado kwenye rafu, kabla haijamwona mgonjwa. Dawa yake ilikuwa kufunga bila oksijeni, kutumia mionzi kwa makusudi ili minyororo ishikane, kisha kuipasha moto ili ncha zilizobaki zitulie, au kuchanganya vitamini E izikamate. Nawaeleza haya yote kwa urefu kwa sababu moja: hakuna hata moja kati ya makosa hayo lililoonekana siku ya upasuaji. Mfupa hujibu, lakini hujibu polepole.

Metali ya titani nayo ina kisa chake, nitakipitia haraka. Mwaka 1952 nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kupitia kijidirisha kilichozungushiwa titani. Utafiti ulipoisha alitaka kukitoa akitumie tena. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika, bila utando wowote katikati. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza mizizi ya meno ya titani. Titani hujivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi, nanomita chache, na mfupa hujenga juu ya ngozi hiyo.

Ila mfupa haushiki chochote ukiwa umekufa. Ukitoboa kwa keekee butu, bila kumwagia maji ya chumvi, mfupa unapata joto. Majaribio ya sungura yalionyesha kwamba nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu zinatosha kuharibu uponaji wake. Kwa hiyo keekee iwe kali, izunguke polepole, tundu lipanuliwe kwa hatua, maji yasikauke. Na kipandikizi kisicheze: kikisogea zaidi ya maikromita 150 hivi kila mzigo unapokuja, badala ya mfupa huota tishu ya nyuzi, na kazi yote imepotea.

Na kuna ugumu wenyewe. Mfupa mgumu una ukaidi, yaani nguvu ya kukataa kupinda, wa gigapaskali 15 hadi 20. Aloi ya titani, kama 110. Chuma cha pua, karibu 200. Ukiweka fimbo ngumu mara kumi kuliko mfupa, fimbo inabeba mzigo, mfupa unastarehe. Na mfupa uliostarehe, Wolff ameshatuambia, unabomolewa. Ndiyo maana wenzetu wa vifaa leo wanachapa titani yenye matundu kama sifongo: matundu hupunguza ukaidi, na mfupa huota ndani yake.

Sasa, ninyi wa visukuku, msidhani hayo si yenu. Mfupa unaojibu mzigo ni shahidi wa maisha. Novemba 1974 huko Hadar, Ethiopia, Donald Johanson na wenzake walimpata zamadamu aliyepewa jina Lucy, mwenye umri wa miaka milioni 3.2, akiwa na takriban asilimia 40 ya mifupa yake. Nyonga na goti vilisema alitembea wima. Je, alipanda miti? Wataalamu walibishana kwa miongo mingi kwa sababu umbo la kiungo hueleza alichorithi, si lazima alichofanya. Mwaka 2016 Christopher Ruff na wenzake walitumia picha za CT, eksirei zinazoonyesha ndani tabaka kwa tabaka, kupima unene wa kuta za mfupa wa mkono wa juu na wa paja. Mkono wa Lucy, ukilinganishwa na paja lake, ulikuwa na nguvu kuliko wetu, ingawa haukufikia wa sokwe. Kuta za namna hiyo hujengwa kwa matumizi. Tazameni: kipimo kilekile cha mchezaji wa tenisi, hoja ileile ya Wolff, na mwenye mfupa amekufa kabla ya majivu ya volkano kuifunika ardhi aliyoikanyaga.

Lakini mfupa una udhaifu mmoja kama shahidi. Unajiandika upya. Ulichokuwa utotoni umekwisha kubomolewa na kujengwa tena. Je, kuna sehemu ya mwili isiyojiandika upya?

Ipo. Jino. Hasa enameli, tabaka gumu la nje.

Enameli ni madini kwa asilimia 96 hivi. Seli zinazoijenga hufanya kazi moja, kisha hutoweka kabla jino halijamaliza kuota. Hakuna wa kubomoa, hakuna wa kukarabati. Ndiyo maana daktari wa meno lazima azibe tundu. Jino haliwezi kujiziba. Na ndiyo maana mchunguzi wa kale anaipenda kuliko kitu chochote: kila siku seli ziliacha mstari mmoja mwembamba, na mistari hiyo huhesabika kwa hadubini. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu alipata kipande cha kwanza cha mifupa ya zamadamu aitwaye mvulana wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kwa kimo alionekana kijana wa kukaribia utu uzima. Mistari ya meno yake ikasema alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Walikua upesi kuliko sisi.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona meno mawili makubwa katika Bonde la Olduvai, Tanzania. Lilikuwa fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, la miaka milioni 1.75 hivi. Magego mapana mno, enameli nene, taya zito, mfupa wa juu ya fuvu umeinuka kama upanga ili misuli ya kutafuna ipate pa kushika. Kila aliyeliona alisema: huyu alivunja njugu. Hata jina la utani akapewa, mvunja njugu. Umbo lilisema, na watu wakaamini umbo.

Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walichapisha jibu la kemia. Nyasi nyingi za nchi za joto na baadhi ya ndago hushika kaboni kwa njia inayoacha kaboni-13, aina nzito ya kaboni, nyingi zaidi kuliko miti na vichaka. Unachokula huingia ndani ya enameli yako. Meno ya mvunja njugu yakaonyesha mlo wenye nyasi au ndago nyingi kuliko wa zamadamu wengine. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake wakapima meno ya zamadamu 22 wa aina hiyo kutoka Kenya: takriban asilimia 77 ya mlo ilitoka kwenye mimea ya namna hiyo. Nayo mikwaruzo juu ya magego, chini ya hadubini, haikuwa na mashimo ya kuvunja vitu vigumu. Gego lile pana lilikuwa la kusaga vitu visivyotafunika kirahisi, kutwa nzima, na linalika. Je, hamsikii sauti ya Craven hapo? Swali halikuwa jino linavunja nini. Swali lilikuwa jino linalika vipi.

Kwa wanaotaka kulifanya jambo hili, niseme jinsi linavyokwenda. Chagua ukingo uliokwisha kuvunjika, usiharibu uso mzima. Kwa kikeekee cha almasi ondoa tabaka la nje na ulitupe. Kisha toa unga safi wa miligramu chache, zinatosha. Uoshe kwa sodiamu haipokloraiti iliyozimuliwa ili kuondoa uchafu wa kikaboni, suuza mara kadhaa, kisha asidi asetiki dhaifu, molari 0.1, kwa dakika chache tu, ili kuondoa chokaa iliyoletwa na maji ya ardhini. Ukiiacha muda mrefu, asidi itakula ushahidi wenyewe. Suuza, kausha, mimina asidi fosforiki, kamata gesi ya kaboni dioksidi inayotoka, ipeleke kwenye mashine ya kupima masi.

Na utajuaje kwamba ardhi haikukudanganya? Pima wanyama wa tabaka hilohilo. Pundamilia anakula nyasi, twiga anakula majani ya miti. Namba zao lazima ziachane mbali. Zikiwa zimekaribiana, ardhi imebadilisha enameli, na namba ya zamadamu wako haina thamani. Usiichapishe! Mfupa wenyewe usiutumie kwa kipimo hiki katika umri mkubwa namna hiyo. Una matundu mengi, maji yameshapita humo mara nyingi mno.

Kemia hiyo hiyo ipo hata mdomoni. Kipimo cha asidi, pH, kikishuka chini ya 5.5 hivi, maana yake asidi imezidi, na enameli huanza kuyeyuka. Floraidi ya dawa ya meno inaingia mahali pa haidroksili na kufanya fuwele isiyoyeyuka kirahisi. Ardhini jambo ni lilelile: mfupa uliozikwa hufyonza florini kutoka kwenye maji, mwaka hadi mwaka. Mnakumbuka Piltdown? Mwaka 1912 Uingereza ilitangaziwa fuvu la binadamu lenye taya kama la nyani mkubwa. Kwa miaka 40 liliwavuruga wasomi, na visukuku halisi vya Afrika vikadharauliwa kwa sababu havikufanana nalo. Kenneth Oakley akapima florini. Mwaka 1953, kwa vipimo vilivyoboreshwa, ikathibitika kwamba taya na fuvu havikuwa vya umri mmoja. Taya lilikuwa la orangutangu, limepakwa rangi, meno yamepigwa tupa. Kemia ya dawa ya meno ikazima uongo mkubwa kuliko wote katika historia ya asili ya binadamu.

Nimalizie na mikono, maana hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Kisukuku kinachopukutika huimarishwa kwa gundi iitwayo Paraloid B-72 iliyoyeyushwa ndani ya asetoni. Mchanganyiko uwe mwepesi, asilimia 5 hadi 10, uweze kupenya. Mzito hubaki juu na kufanya ganda linalobanduka na uso wa mfupa. Mfupa uwe mkavu, la sivyo utageuka mweupe. Lakini kabla ya tone la kwanza, je, umepiga picha za CT? Je, umetoa sampuli? Gundi ni kaboni, nayo itachafua kipimo. Na protini za enameli, ambazo siku hizi zinatueleza hata jinsia ya mwenye jino lililodumu miaka milioni mbili Swartkrans, Afrika Kusini, huchafuliwa na kidole kisicho na glavu. Picha kwanza, sampuli pili, gundi mwisho.

Huko Afrika Kusini pia, mwaka 1994, Ron Clarke alifungua masanduku ya mifupa ya wanyama kutoka pango la Sterkfontein akakuta mifupa minne ya unyayo wa zamadamu. Mwaka 1997 akakuta mingine kwenye hazina ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na miongoni mwake kipande cha muundi wa mguu wa kulia. Aliutazama mvunjiko kama daktari anavyoutazama mvunjiko kwenye eksirei. Ulikuwa safi, si wa kale. Baruti za wachimba chokaa ndizo zilizouvunja. Maana yake? Nusu ya pili ingali ukutani, ndani ya pango.

Akawapa nakala ya kipande hicho Nkwane Molefe na Stephen Motsumi. Pango ni kubwa, ni giza totoro, na mfupa uliokatika ndani ya mwamba hauonekani mkubwa kuliko sarafu ndogo. Walikwenda na taa za mkononi, wakapekua kuta, dari na sakafu. Siku ya pili waliona duara dogo la mfupa kwenye mwamba. Wakaisogeza nakala.

Ikaingia barabara.

Nyuma ya duara hilo alikuwa amelala zamadamu karibu mzima, katika mwamba mgumu kuliko mifupa yake. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano ya kazi ya sindano inayoendeshwa kwa hewa kumtoa.

Asanteni. Mifupa miwili ya kuku iko kwenye meza ya kando, wa siki na wa moto. Njoni muishike, na wa meza moja asisimame na mwenzake wa meza hiyohiyo.